Midomo Yako, Sauti Yangu

Soweto West, Kibera
6 Aprili 2025

Kwako Wakarima,

Tangu juzi nakupigia simu. Unaipokea, nakusikia unapumua, halafu unakata. Nikaona heri nishike kalamu, kwa sababu barua mtu hawezi kuikatia katikati. Anayekuletea hii ni Nelima, mama wa mboga anayelala huko kwenu Kawangware, mtaa wa Kongo, na kuuza huku soko la Toi. Ana mdomo, lakini ni mtu wa kuaminika.

Ni mimi Kathini, yule wa Rehema, siku hizi Mama Mbithi. Najua hujanisahau, ila tangu tuagane pale mlango wa studio hatujawahi kukaa chini tukaongea, na sura yangu ya sasa ukipishana nayo njiani hutaigeuzia shingo.

Thuo, mtoto wa kaka yako, alifika kwangu Alhamisi. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba. Aliponiona alishika kichwa: "Mathe, si ni wewe ule wa TV? Nimekusaka Kibera mzima!" Nikamkaribisha chai, akanieleza. Ile Studio ya Mabati iliyo huko kwenu kwenye ploti ya marehemu babu yake itabomolewa, ajenge nyumba za kupangisha. Walipokuwa wanatoa takataka stoo, wakakuta mikebe ya filamu. Ni kipindi kimoja cha *Mgahawa wa Rehema*, ule wetu wa televisheni, Wakarima. Ni sisi.

Vijana wa mjini wameisafisha picha wakaiingiza kwenye kompyuta. Akanionyesha kidogo kwenye simu yake. Niliona ile stesheni yetu ya kuchorwa kwenye kitambaa, na mwezi wetu, ule ungo tulioufunika karatasi za pakiti za sigara. Niliona taa ya gari la moshi ikija polepole kwenye ukungu, nikasahau kabisa kwamba ilikuwa taa iliyofungwa kwenye toroli na kusukumwa na fundi wa umeme. Nilikuwa hapa kitandani kwangu na nilikuwa kule, nina miaka ishirini na mbili, nimeshika birika. Halafu msichana huyo akafungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Sauti haiko. Ilikuwa kwenye tepu zake peke yake, na unyevu umezila zote. Thuo anataka kuonyesha hiyo picha mara moja tu humo studioni, Jumapili ya kwanza ya Juni jioni, kabla ya mabati kushushwa. Anasema wataweka muziki juu yake. Mimi nimekataa. Rehema bila maneno ni mwanamke anayechemsha chai tu.

Uso ulikuwa wangu, sauti ilikuwa yako. Nakuomba uje siku hiyo, picha ikienda, useme maneno ya Rehema papo hapo watu wakisikia. Natamani kumwona mzima kabla jengo halijaanguka. Sina ombi lingine kwako wala kwa mtu yeyote.

Wako,
Kathini


Kawangware 46
10 Aprili 2025

Mama Mbithi,

Barua imefika. Simu yangu ina shida ya maikrofoni. Mimi nakusikia, wewe hunisikii. Usiniwazie mabaya kwa ajili ya kifaa.

Thuo aliniambia habari za mikebe. Nilimwambia aifanyie apendavyo, ni ploti yake. Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana, na nitakueleza sababu ili usidhani ni maringo.

Unakumbuka maandishi ya mwisho, yale yaliyokuwa yakipanda kila kipindi kikiisha? Jina lako lilikuwa la kwanza. La fundi wa umeme lilikuwepo. La mpishi wa uji lilikuwepo. Langu halikuwahi kupanda hata siku moja. Mwalimu Nassoro, mwongozaji wetu, aliniambia kwamba watu wakijua Rehema ni wanawake wawili, uchawi utaisha. Uso wangu, akasema, haukai kwenye kamera. Na wewe Kiswahili chako cha Kikamba hakikai masikioni. Basi alitukata vipande, akashona mwanamke mmoja, na kipande changu akakificha kwenye pindo.

Nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya sauti ya Kathini. Nilikuwa nikinunua sukari dukani na kusikia wanawake wakisema, "Yule Mkamba ana sauti ya asali." Nikalipa nikaenda.

Hata hivyo nitakwambia jambo moja kwa sababu tumezeeka. Ile kazi niliipenda. Mvua ilipokuwa ikipiga mabati na kuua sauti zote za mchana, nilijua zamu yangu inakuja. Niliketi kwenye kile chumba kilichobandikwa trei za mayai za kuzuia mwangwi, na wewe ulikuwa ukutani, mkubwa kuliko mlango. Niliijua midomo yako kuliko yangu. Nilijua kwamba kabla ya kusema "baba" ulikuwa ukifunga midomo mapema, kwa kuwa ulikuwa ukisema "mbaba". Basi na mimi nikajifunza kulichelewesha hilo neno kidogo ili lilingane nawe. Hakuna aliyegundua.

Waache watazame bila sauti. Na tafadhali usijisumbue kuja huku. Barabara yetu imechimbuliwa yote.

Wakarima


Soweto West
17 Aprili 2025

Wakarima,

Kwa hiyo wewe ulikuwa unaniona mkubwa kuliko mlango! Na mimi nilikuwa nakuona kupitia kile kidirisha cha kioo, mgongo wako tu na shali yako ya kijani, na nilikuwa nakuogopa kuliko Mwalimu Nassoro. Niliona unakunywa maji ya moto yenye tangawizi kama daktari, nikajiambia huyu ndiye mwenyewe, mimi ni kinyago chake.

Sasa nikwambie upande wangu, ucheke. Unadhani nilikula ile asali? Popote nilipokwenda, watu walitaka niseme maneno ya Rehema. Toi, kanisani, hata kwenye matanga kule Kitui. "Kathini, tuambie kidogo tu, ile ya chai!" Nami nakohoa, nashika koo, nasema nina mafua. Nimekuwa na mafua miaka arobaini. Wengine wakasema nina madharau. Kwenye kwaya nimesimama mstari wa nyuma nikitingisha kichwa. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema sentensi tatu kwa sauti yangu, kwa kuwa nilijua wataisikia na kusema, huyu si yeye.

Mume wangu Muia ndiye peke yake aliyejua, Mungu amrehemu. Aliniposa kwa sababu ya ile televisheni ya pale klabu ya wafanyakazi. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo mbele yake, nilijua nimekwisha. Halafu akasema, "Yule wa kwenye sanduku anaongea vizuri, lakini siwezi kumjibu." Tuliishi vyema sana.

Kuhusu jina lako, una haki ya hasira yako, na mimi nimeona haya. Nimemwita Thuo, nimemwambia kabla ya picha kuanza aandike WAKARIMA kwa herufi kubwa, peke yake, ukuta mzima. Amekubali. Amesema, "Hiyo ni rahisi, mathe, naweka hata na rangi." Nami nitasimama niwaambie kwa kinywa changu kwamba sauti ilikuwa yako. Naogopa, lakini nitasema.

Juzi nimeota niko kwenye ile stesheni. Ukungu ulikuwa ule wa studio, wa nyasi mbichi zilizochomwa, macho yakiwasha. Gari la moshi likaja, na wewe ukashuka na shali yako, mimi nikiwa na vikombe viwili. Nikaamka nikasikia gari lenyewe linapita juu huko kwenye reli, nikabaki sijui niko wapi, na sikutaka kujua.

Njoo, Wakarima. Sasa sababu yako imekwisha.

Kathini


Kawangware 46
25 Aprili 2025

Mama Mbithi,

Asante kwa habari ya jina. Lingenifurahisha zamani. Sasa silitaki tena, mwambie Thuo asipoteze rangi.

Na ile hadithi ya mafua ilinichekesha. Nilicheka mpaka Nelima akashtuka, maana nacheka vibaya siku hizi.

Mimi pia naota. Huwa niko kwenye chumba cha trei za mayai na wewe uko ukutani unaongea, unaongea, nami najua kila neno lakini kipaza sauti kimegeuziwa upande wa pili. Nakigeuza, kinageuka tena. Mvua inapiga mabati. Ndoto hiyo haina mwisho, huwa inayeyuka tu kama moshi.

Usiniombe tena. Nakusihi.

Wakarima


Soweto West
5 Mei 2025

Wakarima,

Nilikuja.

Najua uliniambia nisije. Nilipanda boda na goti langu bovu kutoka Kibera mpaka Kawangware, na barabara yenu haijachimbuliwa popote. Nilikubebea maembe makavu ya kwetu na picha niliyopigwa nikiwa nimeshika birika la Rehema. Nelima alikuwa amenionyesha lango lenu kwa kidole, kisha akasema ana haraka, akatoweka.

Nilipiga hodi, kimya. Mara ya pili nikataja jina langu, nikasema, "Wakarima, ni Kathini, nimekuja kukuona tu, sikuulizi kitu." Nikaona pazia linasogea. Nikauona mkono wako. Nikapiga hodi ya tatu. Hukuitika.

Nimeishi Kibera tangu nikiwa msichana. Hapa kwetu hata mtu mliyegombana jana akipiga hodi, unamwitikia. Unaweza kumwambia "karibu" kwa sauti ya kumfukuza, lakini unaitika. Hata mtu asiye na kiti wala chai ana "karibu". Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia ukaniangalia nikisimama juani na mfuko wangu, mtu mzima, watoto wa ploti wakinitazama, na neno moja hukunipa.

Mimi nilidhani sisi ni mtu mmoja aliyekatwa vipande. Nilijidanganya. Uliyosema kuhusu jina, na maikrofoni, na barabara, yote yalikuwa ya kuniondoa njiani. Umeumia zamani, sawa, lakini si mimi niliyeficha jina lako, na nilikuja kukupa.

Nimemwambia Thuo aweke muziki wake.

Basi kaa na sauti yako.

Kathini


Kawangware 46
7 Mei 2025

Kathini,

Ningekaa nayo kama ningekuwa nayo.

Nilikuitikia. Nilisema karibu mara tatu. Midomo ilisema, ulimi ulisema, nilisukuma mpaka machozi yakanitoka, na nje hukusikia kitu. Kisha niliona nifungue mlango, mkono ukashindwa. Niliogopa uso wako utakapoiona shingo yangu.

Mwaka juzi nilianza kukauka koo. Nikadhani ni baridi. Nilipokwenda hospitali wakaniambia ni uvimbe, na kwamba wakiuacha utanimaliza. Walitoa kisanduku chote cha sauti. Napumua kupitia tundu hapa chini ya koo, nalifunika kwa kitambaa. Ndiyo pumzi uliyokuwa ukiisikia kwenye simu. Nilikuwa napokea ili niisikie sauti yako, halafu nakata kwa aibu. Wanaojua ni Thuo na Nelima, na wote niliwaapisha. Usimkasirikie Nelima. Siku ile alikimbia kwa sababu hangeweza kukutazama.

Ile habari ya jina ilikuwa ya kweli, iliniuma kweli. Lakini niliitumia kama pazia. Ulipoliondoa pazia lenyewe, nikakosa pa kusimama.

Nilikuwa mwanamke mwenye uso usiokaa kwenye kamera na sauti inayokaa popote. Nilijua hivyo, nikaridhika. Sasa nimebaki na ule uso. Na wewe unakuja kuniambia Rehema amerudi, yuko ukutani, anangoja maneno, na maneno yote ninayo! Sijasahau hata moja. Nimelia, Kathini. Nalia bila sauti, hata hilo limekuwa kazi ya macho tu.

Sasa nisikilize. Usikubali muziki. Ukurasa ulioambatana na barua hii ni maneno yote ya kile kipindi, kutoka mwanzo. Nimeyaandika kwa mkono kutoka kichwani, na sikuyaandika nilivyoyasema mimi. Nimeyaandika jinsi midomo yako ilivyoyasema siku ile, kabla sijayapaka rangi yangu juu. Soma hapa:

*Ngali ya moshi imekuja, mbaba. Mlango uko wazi. Ukilundi na njaa, chai iko. Ukilundi na machozi, pia chai iko.*

Hivyo ndivyo ulivyosema. Mimi nilisema "gari" na "ukirudi" juu yake, watu wakapenda. Lakini mdomo wa yule msichana ukutani unasema "mbaba" mpaka leo. Anayeweza kumsemea ni mmoja tu.

Sema wewe.

Wakarima


Soweto West
14 Mei 2025

Wakarima wangu,

Siku ya kwanza sikuweza kuandika. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka chakula kikaungua. Nisamehe yale maneno ya mwisho. Ningeweza kuyala ningeyala.

Nimelifikiria lile pazia. Uliniambia karibu mara tatu na mimi nikaenda zangu nikilaani. Sasa nimeitika, unasikia? Nimeitika kutoka huku Kibera. Nelima anasema nimeanza kuongea na ukuta.

Lakini unaniomba kitu kigumu. Hukuwepo siku ya kwanza kabisa, kabla hujaletwa. Mwalimu Nassoro aliniambia niseme, nikasema "ngali ya moshi", na studio nzima ikacheka. Fundi wa umeme aliachia toroli, taa ikaanguka. Mwalimu hakucheka, ndilo lililoniua. Alisema kwa upole, "Binti, wewe fungua mdomo tu. Tutatafuta mtu wa kuongea." Kuanzia siku hiyo nimefungua mdomo tu.

Sasa nisimame mbele ya Kawangware nzima niseme "ngali"? Vijana wa siku hizi wanacheka mpaka mtu akipiga chafya. Wataichukua kwenye simu zao, nizungushwe mji mzima.

Nimejaribu peke yangu, nikiwa nimejifungia, redio nimeifungulia ili majirani wasisikie. Nilisema mstari wa kwanza na nikashtuka. Sauti yangu ni nzito, Wakarima. Ina mchanga. Sikujua, kwa sababu sijawahi kuisikiliza. Nikasema wa pili. Nelima akabisha, nikanyamaza, akauliza, "Mama Mbithi, uko na mgeni? Nimesikia mtu anaongea poa sana." Nikamwambia ni redio.

Nikija, wewe utakuwepo? Sitaki nikutafute kwa macho nikukose. Bila wewe sifungui mdomo.

Wako,
Kathini


Kawangware 46
30 Mei 2025

Kathini,

Nitakuwepo. Nitakaa nyuma karibu na mlango, nimevaa kitambaa cheupe. Sitaki kukaa mbele, hilo usiniombe, watu wakianza kunisalimia nitakwama.

Mambo machache ya kazi. Usiukimbilie mdomo wa picha. Ukiona kifua chake kinainuka, vuta pumzi pamoja naye, maneno yatakuja yenyewe. Pale anapomimina chai kuna kimya kirefu, usikijaze. Mimi nilikuwa nakijaza kwa kuguna, nilikuwa nakosea. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi.

Wakicheka, waache wamalize. Picha haitakungoja, lakini msichana yule hana haraka, utamkuta.

Thuo amekodi viti. Jana niliingia studioni peke yangu kabla hawajavileta. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu ya misumari na vumbi linaelea ndani yake, na nilisimama pale palipokuwa na mgahawa wako. Nilifungua mdomo nikasema mstari wako wote. Ni jengo pekee ambalo halikuona ajabu.

Wakarima


Soweto West
3 Juni 2025

Wakarima,

Umeondoka bila kuniaga, na mimi nikabebwa. Unajua watu wa kwetu, picha ilipoisha tu akina Mutuku wa kwaya yetu wakanizunguka wakaimba mpaka nje, nikawekwa kwenye gari, nikajikuta nyumbani na shada la maua ya plastiki. Sijui nani alilileta.

Sasa nina jambo la kukuuliza, na ni wewe tu unayeweza kunijibu. Sikuiona picha.

Nilianza vizuri. Nilisema mbele ya watu kwamba sauti ya Rehema ilikuwa ya Wakarima, jina lako likawaka ukutani kwa rangi nyekundu, sijui kama ulilitazama. Halafu ukungu ukaja, taa ikaja, nikasema "ngali ya moshi", na wakacheka. Nilijua watacheka. Lakini kuwasikia ni kitu kingine. Nikafumba macho. Nikajiambia, Wakarima yuko nyuma, ana kitambaa cheupe, maneno ni yake, nampelekea tu. Nikasema yote mpaka mwisho macho yakiwa yamefumbwa, nikipumua pale ulipoandika nipumue.

Kwa hiyo nilingoja miaka arobaini nimwone mzima na nikamkosa. Na sasa mabati yanashushwa kesho. Niambie wewe. Maneno yalifika kwenye mdomo?

Kathini


Kawangware 46
5 Juni 2025

Kathini,

Yalifika.

Ngoja nikwambie taratibu, maana nimekaa nayo siku nne kama mtu anayenyonya peremende asitake iishe.

Walicheka, ndiyo, hasa vijana wa mbele. Sauti yako ikatetemeka. Lakini walikuwa wakiangalia ukuta, na niliona kicheko kinawaishia kwa zamu, mmoja mmoja, kwa sababu macho yao yaliona kitu ambacho masikio yao yalikuwa yanabishia. Uliposema "mbaba", yule msichana naye alisema "mbaba". Midomo ilifungika pamoja na sauti, ikafunguka pamoja na sauti. Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Ah, kumbe alikuwa anasema hivyo!" Wakamnyamazisha.

Mimi nilifanya ile kazi miaka sita. Nilikuwa bora, sitajishusha. Lakini kati ya sauti yangu na mdomo wako kulikuwa na ufa mwembamba ambao mimi tu niliuona, na kila kipindi nilirudi nyumbani ukinikera. Jumapili haukuwepo. Nilimwona Rehema mzima. Ni mwanamke wa Machakos au Kitui aliyekuja kufungua mgahawa kwenye stesheni isiyo na mtu, amechoka, ana utani, na anaogopa. Hata Mwalimu Nassoro hakuwahi kumjua. Nilimwonea wivu na nikampenda, vyote kwa pamoja, na sioni haya kukuandikia.

Ulipofika kwenye chai, hukukijaza kile kimya. Hakuna aliyekohoa. Ulisikika mvuke tu, ingawa nakwambia mvuke wenyewe haukuwa na sauti. Kisha ukasema, "Ukilundi na machozi, pia chai iko," na mzee mmoja pembeni akavua kofia.

Jina langu nililitazama. Rangi ilikuwa mbaya sana. Mpe Thuo asante yangu.

Sasa kwa nini niliondoka bila kuaga. Kule nyuma gizani, bila kujua, midomo yangu ilikuwa imeanza kukufuata. Kila neno ulilosema, mimi nililisema pia, kimya, jinsi wewe ulivyolisema, na "mbaba" na "ngali". Ubavuni mwangu alikuwa ameketi mama mmoja wa huku mtaani Kongo, simjui. Wewe mbele ulikuwa umesimama kwenye kivuli, sauti yako ikitoka kwenye spika za pande zote, na haikuonekana anayeongea ni nani. Akaangalia ukuta, akaniangalia mdomo, akaangalia tena. Halafu akanishika goti akaninong'oneza, "Woi, kumbe ni wewe unaongea! Sauti tamu hivyo, na umejificha huku nyuma?"

Niliinua kidole nikuonyeshe wewe. Kilikuwa tayari hewani. Kisha nikakirudisha mapajani, nikamtabasamia, nikaendelea kufuata maneno yako mpaka mwisho, na taa zilipokaribia kuwashwa nikatoka haraka asije akaniuliza kitu.

Nimepokea sifa ya sauti yako, Kathini. Na ni tamu. Miaka yote hiyo hukuniambia kwamba ni tamu hivyo.

Wakarima